Tikiti ya kiti kimoja, sheria ya ndege nzima

Afikaye katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi ya siku yoyote ya msimu wa watalii, ataona jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea mno hata hatulitazami mara mbili. Abiria wachache wamesimama mbele ya mizani, kila mmoja na mkoba wake laini usiozidi kilo 15. Ndege inayowangoja ni ndogo, yenye rafadha moja puani na viti dazani moja hivi. Abiria hawajuani. Kila mmoja amelipia kiti chake peke yake, na kila mmoja ana kituo chake huko Maasai Mara. Ndege itatua Keekorok imshushe huyu, iruke dakika chache itue Ol Kiombo imshushe yule, kisha ielekee Kichwa Tembo na waliosalia. Kwa ufupi ni matatu yenye mabawa, na kampuni kubwa zinazoendesha safari hizo zina leseni ya kusafirisha watu kwa ratiba. Hakuna anayegombana na mwenzake juu ya jambo hilo.

Huko Marekani, hata hivyo, biashara inayofanana na hii imezua mvutano uliowaingiza kampuni kubwa za ndege, chama cha marubani na serikali yenyewe katika uwanja mmoja wa mieleka. Swali linaloulizwa ni jepesi kutamka na zito kujibu: mtu akikodi ndege nzima kisha akaviuza viti vyake kimoja kimoja kwa umma, kwa saa zinazojulikana, je, ndege hiyo bado ni ya kukodi? Au imekuwa gari la abiria kama mengine, lipaswalo kufuata sheria za magari ya abiria? Naamini mjadala huu unatuhusu hata sisi ambao safari yetu ndefu ya hewani ni ile ya kutazama ndege zikipita juu ya paa la shule.

Kwanza tuelewane juu ya biashara yenyewe. Tangu zamani msafiri wa ndege alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua tikiti katika shirika la ndege, akapanga foleni, akavua viatu na mshipi, akakaa pamoja na watu mia moja au mia mbili. Ya pili, kwa tajiri, ni kukodi ndege nzima, akaenda atakako kwa saa aitakayo. Njia hii ya pili ina kasoro moja kubwa ya kiuchumi. Ndege ikimpeleka tajiri pwani kisha ikarudi kumchukua mwingine, mara nyingi hurudi tupu, na mafuta ya kurudi tupu hayana bei nafuu kuliko ya kurudi imejaa. Aidha, tajiri akisafiri na mkewe katika ndege ya viti vinane, viti sita vinaruka bila mtu. Ndipo wajanja wa biashara walipojiuliza swali ambalo kila makanga wa Nairobi amelijua tangu utotoni: kwa nini kiti kiende kitupu?

Mmoja wa waliojaribu kulijibu kisayansi alikuwa Ed Iacobucci, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kompyuta iitwayo Citrix. Mwaka 2007 alianzisha huko Florida safari za kampuni yake ya DayJet, iliyotumia ndege ndogo za jeti aina ya Eclipse 500, marubani wawili mbele na abiria watatu nyuma. Haikuwa na ratiba. Abiria aliitaja siku na muda aliokuwa tayari kusafiri, na kompyuta ikatafuta wenzake wa kushirikiana naye ndege. Aliyekuwa na haraka alilipa zaidi, naye aliyekubali kuondoka wakati wowote kati ya asubuhi na alasiri alilipa kidogo. Wazo lilikuwa zuri ajabu, lakini lilihitaji ndege nyingi na mtaji mkubwa, na Septemba 2008, dhoruba ya kifedha ilipokuwa inaukumba ulimwengu, DayJet ilifunga milango kabla ya kutimiza mwaka. Wengine walifuata: Surf Air ya California, kwa mfano, ilianza mwaka 2013 kwa kuwatoza wanachama ada ya mwezi na kuwaruhusu kuruka watakavyo.

Aliyefanikiwa zaidi ni Alex Wilcox, ambaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa shirika la JetBlue. Mwaka 2016 alianzisha safari za JetSuiteX, na mwaka 2019 jina likafupishwa kuwa JSX. Yeye hakutafuta ndege za watu watatu. Alichukua ndege za jeti za Embraer zilizoundwa kubeba watu 37 au 50, akang'oa viti na kubakisha 30. Abiria hafiki katika jengo kubwa la uwanja bali katika banda la pembeni, ambako hukaguliwa kwa ukaguzi mwepesi usio ule wa maofisa wa serikali, na anaweza kufika dakika 20 tu kabla ya kuondoka. Nauli ni juu ya ile ya kawaida, lakini iko chini sana ikilinganishwa na gharama ya kukodi ndege. Hii ndiyo inayoitwa safari ya nusu binafsi: kiti ni chako, ndege ni yenu nyote.

Nambari hiyo ya 30 haikuokotwa njiani. Ndiyo ufunguo wa hadithi nzima, na mwanafunzi wa sheria au wa uraia hana budi kuitazama kwa makini.

Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoyafungua mashirika ya ndege ya Marekani kutoka katika minyororo ya serikali kuhusu nauli na njia. Katika mwaka huohuo ziliwekwa kanuni za kile kinachoitwa ukodishaji wa umma: wakala anakodi ndege nzima kutoka kwa mwenye ndege, kisha anauza viti kwa watu binafsi. Walengwa wakati huo walikuwa hasa watu wa likizo na makundi ya watalii. Kisha ikaja Desemba 1995. Baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba abiria wa ndege ndogo hawakulindwa sawasawa na wale wa ndege kubwa, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliamuru kwamba ndege zote za ratiba zenye viti 10 hadi 30 zifuate kanuni zilezile za mashirika makubwa. Marubani walikuwa wakipigania kiwango kimoja cha usalama kwa wote, na wengi walidhani kimepatikana. Lakini ule ukodishaji wa umma, kwa ndege zisizozidi viti 30, uliachwa nje ya maana ya neno "ratiba". Mlango mkubwa ulifungwa kwa komeo na kufuli, dirisha likaachwa wazi.

Kwa miaka mingi hakuna aliyelijali dirisha hilo, kwa kuwa tofauti kati ya ndani na nje haikuwa kubwa sana. Kilichoifanya kuwa kubwa ni msiba. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege iliyoendeshwa na kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, jimbo la New York, ikawaua wote 49 waliokuwa ndani na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Jamaa za marehemu hawakukubali kulia na kunyamaza. Walikwenda Washington safari baada ya safari, wakabisha hodi katika ofisi za wabunge hadi mwaka 2010 ikapitishwa sheria mpya. Tangu mwaka 2013, hata rubani msaidizi katika shirika la ndege hana budi kuwa na takribani saa 1,500 za kuruka, isipokuwa wachache waliopitia vyuo maalumu au jeshini. Mashirika hayo pia yana kanuni kali za mapumziko ya marubani, na rubani hulazimika kustaafu akifikisha miaka 65.

Katika ndege ya kukodi mambo ni mengine. Nahodha wa jeti bado anahitaji leseni ya juu kabisa, lakini msaidizi wake anaweza kuanza kazi akiwa na saa chache zaidi, na umri wa miaka 65 si ukuta. Basi JSX inakodi ndege kutoka kwa kampuni tanzu yake yenyewe, inaviuza viti 30 kimoja kimoja, inachapisha saa za kuondoka, na bado mbele ya sheria hiyo ni safari ya kukodi. Msomaji asije akadhani kwamba nawashutumu kwa kuvunja sheria. Hawakuivunja. Waliisoma vizuri kuliko walioiandika.

Agosti 2023 FAA ilitangaza nia ya kuifikiria upya maana ya maneno hayo. Makumi ya maelfu ya maoni yalimiminika. Na hapa ndipo inapofaa kuwatazama wagomvi usoni. Wanaotaka dirisha lizibwe ni American Airlines, Southwest na chama kikuu cha marubani, ALPA. Wanaopinga ni JSX yenyewe, pamoja na United na JetBlue. Ukiwasikiliza upande wa kwanza utasikia neno moja tu, usalama. Ukiwasikiliza upande wa pili utasikia jingine, ushindani. Lakini American makao yake ni Fort Worth, Southwest makao yake ni Dallas, na JSX nayo makao yake ni Dallas. Wote watatu wanawinda katika pori moja. United na JetBlue nao wana hisa katika JSX. Chama cha marubani kinajua kwamba kadiri leseni inavyokuwa ngumu kupatikana ndivyo mshahara wa aliye nayo unavyopanda. Sisemi kwamba hoja za watu hawa ni za uongo kwa sababu wana maslahi. Mtu mwenye maslahi anaweza kusema kweli, tena kwa sauti kubwa kuliko asiye nayo. Nasema tu kwamba anayewasikiliza asiwe na haraka ya kuchukua daftari na kuandika kila wanachosema kana kwamba ni somo la ubaoni.

Tuyaweke kando maslahi, tuulize jambo lenyewe. Ni nini hasa kinachobadilika ndege ileile, yenye rubani yuleyule, inapoacha kukodiwa nzima na kuanza kuuzwa kiti kimoja kimoja?

Kwa maoni yangu kinachobadilika ni uhusiano wa abiria na mwenye chombo. Anayekodi ndege nzima ana nguvu fulani. Anaweza kuuliza rubani ni nani, ameruka miaka mingapi, ndege ilifanyiwa ukarabati lini; na asiporidhika huondoka na fedha zake zote, hasara ambayo mwenye ndege ataihisi. Anayenunua kiti kimoja hana nguvu hiyo. Hamjui rubani wala hatapewa nafasi ya kumuuliza. Akiondoka, kiti chake kitauzwa kwa mwingine kabla hajafika getini. Hana chombo kingine cha kumlinda ila sheria. Hiyo ndiyo sababu ulimwengu mzima umeweka tofauti kati ya gari la kukodi na gari la abiria. Mahakama moja ya rufani mjini Washington iliwahi kugusa jambo hili mwaka 2015, katika kesi ya kampuni ya Flytenow iliyotaka kuwaunganisha kwa mtandao marubani binafsi na watu wa kuchangia mafuta. Mahakama ilikubaliana na FAA kwamba anayeutangazia umma viti na kupokea fedha, hata za kuchangia tu, amejifanya msafirishaji wa umma.

Mkenya hahitaji kwenda Washington kulielewa hilo. Matatu zetu zilizaliwa kama magari ya kibinafsi yaliyobeba watu kwa mapeni matatu ya senti kumi kumi, yakikimbia askari kila kona. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta akaziruhusu zifanye kazi bila leseni ya bodi ya usafiri, kwa nia njema ya kuwapa riziki watu wadogo na kuwafikisha kazini wakazi wa vitongoji ambako basi halikufika. Nia hiyo ilitimia. Lakini ilibidi ingojewe hadi mwaka 1984 ndipo sheria ilipozitambua rasmi na kuzidai leseni, na hadi Oktoba 2003 ndipo waziri John Michuki alipotoa kanuni za mikanda na vidhibiti mwendo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Kati ya mwaka wa ruhusa na mwaka wa mkanda ilipita miaka 30. Kila mwalimu aliyefundisha katika miaka hiyo anakumbuka dawati lililobaki tupu baada ya likizo.

Hadi hapo nimesimama upande wa wanaotaka sheria ikazwe. Lakini kuna upande wa pili ambao haukai katika mabanda yenye mazulia ya Dallas.

Machi 2022 kampuni ya SkyWest iliiarifu serikali ya Marekani kwamba ingeacha kuihudumia miji midogo 29, kwa sababu haikuwa na marubani wa kutosha. Miji hiyo ilikuwa chini ya mpango wa ruzuku ulioanzishwa sambamba na sheria ile ya 1978, ili mji mdogo usikatiwe usafiri wa ndege kwa kukosa faida. Baadaye SkyWest iliomba ruhusa ya kurudi katika baadhi ya miji ya aina hiyo kwa ndege zilizopunguzwa viti hadi 30, kwa kanuni zilezile za kukodi, nao marubani wa ALPA wakapinga. Kampuni nyingine, Contour, tayari ilikuwa ikiihudumia miji ya namna hiyo kwa njia hiyo. Kwa hiyo dirisha linalompitisha tajiri anayekwepa foleni ndilo pia linalompitisha mgonjwa wa mji wa mbali anayekwenda kumwona daktari bingwa. Ukiliziba kwa tofali moja umewaziba wote wawili, na tajiri atakodi ndege yake nzima aende zake.

Kuna na jambo jingine ambalo wapiganaji wa usalama hawapendi kulitaja kwa sauti. Katika ajali ile ya Buffalo, nahodha alikuwa na zaidi ya saa 3,300 za kuruka na msaidizi wake zaidi ya 2,200. Wote wawili walikuwa wameuvuka mstari wa 1,500 uliokuja kuchorwa kwa sababu yao! Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilipopungukiwa na mwendo na kuanza kupoteza uwezo wa kuelea, nahodha aliivuta pua juu ilhali alipaswa kuishusha. Ulizungumzia pia uchovu: msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka pwani ya magharibi ili kufika kazini. Hayo ni matatizo ya mafunzo na ya mapumziko. Wingi wa saa, peke yake, haukuyatibu. Mwalimu anajua tofauti hii: mtahiniwa aliyekaa darasani miaka minane si lazima awe amefundishwa miaka minane.

Kwa sababu hiyo nadhani kosa la mjadala huu ni kulichukua furushi zima la kanuni kama kitu kimoja, ama ulibebe lote ama ulitupe lote. Yako mambo ambayo yanapaswa kuifuata tikiti popote iendapo. Mapumziko ya rubani ni mojawapo, kwa maana usingizi haujui kama ndege imekodiwa au ina ratiba. Mafunzo ya kuikabili ndege inayopoteza mwendo ni la pili. Ukaguzi wa mizigo na silaha ni la tatu, na hapa siwaonei haya wasafiri wa nusu binafsi: jeti ya watu 30 ni jeti, na aliye chini yake hana habari kwamba waliomo walilipa nauli ya juu ili wasivue viatu. Lakini idadi ya saa za msaidizi na umri wa kustaafu ni mambo yanayostahili kupimwa kwa ushahidi, na huenda jibu la ndege ya viti 30 katika mji wa wakulima lisiwe sawa na jibu la ndege ya viti 300 inayovuka bahari.

Juni 2024 FAA ilitangaza kwamba ingeendelea na kuandika kanuni mpya ya kubadilisha maana ya safari za kukodi za umma. Vyombo vya habari vilishika sehemu hiyo ya tangazo na kuiandika kwa herufi kubwa. Sehemu ya pili haikupigiwa kelele, nayo ndiyo iliyonivutia: mamlaka ilisema itaunda jopo la wataalamu kuchunguza kama inawezekana kuwa na kibali kipya, cha kati, kwa safari za ratiba za ndege zenye viti 10 hadi 30. Yaani badala ya kuuliza tu kama dirisha lizibwe au liachwe, kuna aliyewaza kwamba pangewekwa mlango wa kadiri yake, wenye bawaba na kitasa, na mtu wa kuulinda.

Kibali cha namna hiyo kitahitaji kujibu maswali ambayo mashirika makubwa na JSX yote mawili yangependa yasiulizwe. Rubani wa ndege ya viti 30 alilala saa ngapi jana? Nani alimfundisha, na nani alimtahini? Mji upi utabaki bila ndege kabisa kanuni ikikazwa, na wakazi wake wataendesha gari saa ngapi, katika barabara ambazo ni hatari kuliko anga lenyewe? Abiria wa kiti kimoja, anaponunua tikiti yake, ataambiwa kwa maneno anayoyaelewa kwamba safari yake iko chini ya kanuni zipi? Hili la mwisho halihitaji jopo wala miaka. Linahitaji mstari mmoja juu ya tikiti.